Mikungu ya Mama Kwenye Kiti Changu

Jumamosi, Moshono. Asubuhi kulikuwa na baridi na manyunyu, kisha mawingu yakaachia na Mlima Meru ukaonekana mpaka kileleni.

Leo nina furaha na nina kahasira kidogo.

Nianze na furaha. Nina ndege! Mimi, binti wa wakulima wa kahawa wa Akeri, nina jeti ndogo yenye jina la kampuni yangu ubavuni. Si mpya, na mama tangu siku ya kwanza anaiita "ile ndege ya mtumba." Nimemweleza mara ngapi kwamba injini zimekaguliwa, kwamba ni ya safari fupifupi tu, Mwanza, Dodoma, Zanzibar. Anasikiliza vizuri, halafu anauliza: kama ni nzima, mwenyewe aliiuzia nini?

Iliniuma. Wateja nitawapata, lakini kama mama yangu mzazi haipandi, najivunia nini?

Kilichomlainisha ni mama mdogo, mdogo wake aliyeolewa Mwanza. Hawajaonana tangu magoti ya mama yakatae kukaa kwenye basi kutwa nzima. Akakubali kupanda kwa sharti moja: ndege ibarikiwe kama tunavyobariki gari jipya nyumbani, kwa maombi na maziwa kwenye matairi.

Basi leo akafika uwanjani na dada zangu wawili, kibuyu mkononi. Akaomba, akazunguka akinyunyiza maziwa tairi moja baada ya jingine. Ghafla akasimama.

"Matatu tu? Mwanangu, umenunua bajaji!"

Rubani alicheka mpaka akashika mbavu. Nami nilicheka, japo iliniingia.

Kisha wakafungua buti la gari. Mikungu miwili ya ndizi na kiroba cha maharage! Na nilimwambia wazi, mama, ndege hii ni nyepesi, njoo na begi dogo. Lakini kwetu nani anaenda kwa ndugu mikono mitupu? Rubani akaupima mzigo, akatupima na sisi mmoja mmoja, akapiga hesabu zake, akatikisa kichwa. Ama mzigo ubaki, ama mtu mmoja abaki.

Mama hakuutazama mzigo. Alinitazama mimi.

Nikajua nikibisha anarudi Akeri na ndizi zake, na ndege hii haipandi tena. Nikajitoa. Mwenye ndege, safari ya kwanza ya familia! Mikungu haikuingia kwenye sehemu ya mizigo, ikakalishwa kwenye kiti changu na kufungwa mkanda.

Nilibaki pale uzioni nikiwatazama wakipaa, mama ameganda dirishani. Jamani, nililia. Najivunia na sioni haya kuandika.

Mchana akapiga simu kutoka Mwanza. Nyuma yake nilimsikia mama mdogo akiuliza wamefikaje mapema hivyo.

"Tumekuja na ndege yetu," mama akajibu.

Yetu. Mtumba hakuutaja.

Mama mdogo akauliza, sasa mwenyewe yuko wapi?

"Amebaki. Nafasi haikutosha."

Kesho ndege inarudi kunichukua. Mama ameshaniagiza nisije bila maparachichi, na nitayabeba, nitafanyaje?