Mfuko wa Betri Nilioushona Mimi

Chumba cha kushonea,
Ghorofa ya pili, nyumbani.
Jumanne, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Nisamehe kwa kimya cha wiki hizi sita. Barua zako zote tatu zimefika. Sikuzijibu kwa sababu ya aibu, si kwa ugonjwa wala kwa shughuli. U hali gani? Goti lako limepoa? Wifi na watoto hawajambo? Mimi sijambo, ila presha inapanda na kushuka. Binti yako ni mzima wa mwili.

Unaijua kazi yake: mabawa, mataji na mikanda ya wachezaji wa jukwaani, ambamo hupitisha utepe wa taa za LED, ule unaopindika kama kitambaa. Tangu niache kushona sare za shule, nimekuwa nikimsaidia. Yeye hukata utepe na kulehemu nyaya, mimi hushona.

Mwezi wa nne kikundi kimoja cha dansi kiliagiza mabawa ya watu sita. Betri hukaa katika mfuko mdogo katikati ya mabega. Binti yako huufunga mdomo wa mfuko huo kwa utepe unaonatana na kubanduka, ili betri ikipata moto itolewe mara moja. Sikuupenda. Ulibenuka, ukaonekana hata kwa mbali. Nikamwambia kwamba kazi ile ina mdomo wa gunia. Akacheka.

"Shangazi, hapa hatushoni sare. Hapa tunashona umeme."

"Umeme nao ufundishwe adabu," nikamjibu.

Alipotoka kwenda kununua nyaya, niliishona midomo ya mifuko yote sita kwa uzi wa sare uliotiwa nta, mishono miwili, kwenda na kurudi. Swichi ilikuwa nje, kwa hiyo sikuona haja ya mfuko kufunguka. Nilitaka arudi aone kazi safi ilivyo. Kiongozi wa kikundi akaja kuyachukua mabawa kabla binti yako hajarudi, nami sikumwambia yeyote neno.

Jukwaani, waya mmoja ulikatika kwenye pindo la bawa, ukagusa mwenzake, betri ikachemka. Aliyeyavaa mabawa hayo ni msichana wanayemwita Sindano kwa wembamba wake. Moshi ulipotoka, watazamaji walipiga makofi wakidhani ni sehemu ya mchezo. Wenzake waliuvuta mfuko, haukufunguka. Wakahangaika na ndoano za kifuani hadi mtu akaleta mkasi.

Kesho yake kiongozi wao alikuja na mabawa yaliyoungua, akayatupa mezani. "Nani alishona hapa?"

Binti yako aliutazama uzi, akanitazama mimi, akasema, "Mimi." Nilikuwa nimesimama hatua mbili nyuma yake. Nilinyamaza, na nikaendelea kunyamaza kwa wiki sita.

Kila nilipomsihi aniache niseme, alinikatiza. "Shangazi, una presha. Ukilala rumande usiku mmoja tu, tutakuzika. Waya uliokatika ni wangu, basi na uzi uwe wangu."

Jana nilikwenda wodini bila kumuaga. Sindano bado analala kifudifudi. Wamemkata ngozi ya paja na kumtia mgongoni. Nilimweleza yeye na mama yake kila kitu. Mama hakupiga kelele. Alisema tu, "Ungesema siku ile, mama."

Sindano akauliza bila kugeuza kichwa, "Ule uzi ulikuwa wa nini? Niliuvuta mpaka ukucha ukang'oka."

Nikamwambia kwamba ni uzi wa sare.

Tangu jana binti yako hasemi nami. Nimemfanya aonekane mwongo mbele ya watu waliokuwa wameanza kumhurumia. Usimpigie simu kumgombeza, wala usinitetee kwake. Alikuwa radhi kubeba mzigo ambao mimi, mkubwa wake, niliuacha mezani.

Keshokutwa, Alhamisi, familia ya Sindano itakaa kuamua ni nani wa kushtakiwa. Nimewaomba wanishtaki mimi. Hawakuitikia.

Nisalimie wifi, mama mkwe wako, na kitinda mimba wako, yule tumwitaye Kelele. Mungu awahifadhi nyote mlioko huko, na amponye mtoto yule wa watu.

Wakishaamua, nitakuandikia siku hiyo hiyo, na nitakutajia jina watakaloliandika, liwe langu au la mwanao.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata katika haya.