Jina la Mkwe Kwenye Marejeo

Naliendele,
Mtwara.
14 Septemba 2024

Mpendwa wifi yangu Asia,

Assalamu alaykum. Hujambo, na kifua je? Mara ya mwisho uliniambia baridi la Njombe limekupa kikohozi kisichosikia dawa, nesi mzima unakohoa mbele ya wagonjwa wako. Natumaini sasa kimekuacha. Shemeji Yusufu naye hajambo? Na Sabra ameshaanza kutembea, au bado anapenda kubebwa kama mama yake?

Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Kaka yako Nassoro bado yuko zamu kiwandani, anarudi nywele nyeupe kwa vumbi la saruji mpaka mama anamwita babu. Mama mwenyewe goti linamsumbua, ila kukiri hakiri. Mikorosho imechanua vizuri mwaka huu. Kwenye mzigo huu utakuta ming'oko, vile viazi pori vya kwetu, uipike upesi kabla haijakauka.

Sasa nikupe habari ambayo kwa simu ungecheka ukakata kabla sijafika mwisho.

Unajua tasnifu yangu inahusu jinsi wakulima wa korosho wanavyoelimishana mitandaoni kuhusu ubwiri unga, ule ugonjwa unaokausha maua. Nimesoma blogu, makundi ya WhatsApp na kurasa za Facebook, na katika zote nilizopitia, ukurasa wenye wafuasi wengi ni wa baba. Baba yetu, wifi, huyu huyu anayesema simu zinaharibu watoto. Kila msimu anaandika lini amepuliza dawa ya salfa, umande ulikuwaje, maua yameitikaje. Watu wa Newala na Masasi wanamuuliza maswali, naye anawajibu kwa ukali ule ule unaoujua.

Ikabidi nimnukuu. Hapo ndipo nilipokwama, maana ukurasa una jina lake kamili na mimi ni mkamwana. Tangu niolewe sijalitamka jina lile. Hata nikikutana na mtu baki mwenye jina hilo, namwita "yule bwana". Mama yangu kule Msimbati alinifunda kwamba jina la mkwe halitajwi, na kuliandika ni sawa na kulitaja. Kwa hiyo kwenye marejeo nikaandika "Baba Mkwe (2022)", nikaweka tarehe, maneno ya mwanzo ya chapisho, Facebook na kiungo chake. Nikajiona nimemaliza.

Msimamizi wangu, Dk. Theresia, aliirudisha sura nzima. Pembeni ameandika: "Huyu ni nani? Kila mwanamke aliyeolewa ana baba mkwe." Nilipomweleza alicheka mpaka akavua miwani, lakini hakulegeza kamba. Alisema maneno ya mtu ni mali yake hata kama kayaandika Facebook, na anayeyatumia bila kumtaja mwenyewe hana tofauti na anayeokota korosho kwenye shamba la jirani. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye ukurasa, la sivyo chapisho litoke. Na likitoka, sura ya nne inabaki maganda matupu, mahafali ya Novemba nitayatazama kwenye simu za wenzangu.

Wifi, nilikonda. Nassoro akasema niandike tu, baba hatasoma. Nikamwambia Mungu anasoma.

Mwisho nikamtuma mama, kwani ya mkwe hupitia kwa mama. Alimkuta baba anasafisha mashine ya salfa, akamweleza. Baba akamaliza kuifuta mashine, akaniita. Nikaketi mkekani, macho chini.

"Hapa nyumbani heshima yangu ni kutotajwa," akasema. "Huko chuoni kwenu heshima yangu ni nini?"

"Ni kutajwa, baba."

"Basi ilete hiyo kompyuta."

Akaliandika mwenyewe kwa kidole kimoja, herufi moja moja, majina yote matatu. Kazi yangu ikawa kulinakili na kulibandika kila linapohitajika, kidole changu kisiandike hata herufi yake. Nilifurahi, wifi, sikufichi, nilienda jikoni nikalia kidogo.

Raha ile haikudumu. Baba alipoona anaingia kwenye kitabu, akataka kulifuta lile chapisho aliandike upya, kwa sababu mwaka ule alibashiri mvua ikamuumbua. Nilimsihi asiguse neno, nimeshalipiga picha na tarehe yake imeshaandikwa. Alinuna mpaka chakula cha usiku kikapoa. Siku hizi kabla hajachapisha kitu anamwita Nassoro amsomee kwanza.

Jumanne iliyopita nimetetea tasnifu. Mtahini mmoja akafunua kurasa, akauliza hili chapisho la Facebook ninaloliegemea sana ni la nani. Karatasi alikuwa nayo mbele yake, lakini alitaka kusikia kwangu. Nikasema bismillahi moyoni, nikalitaja kwa sauti, lote. Macho niliyainamisha kama niko mkekani, wao wakadhani ni woga wa mtihani. Nimefaulu, wifi yangu. Yamebaki masahihisho madogo tu.

Niliporudi nilimkuta baba barazani. Nilipiga goti nikamwamkia, sikuweza kumtazama.

"Walikuuliza maneno yale ni ya nani?"

"Waliuliza, baba."

"Ukawajibuje?"

Ulimi ukakataa. Nilibaki nimeinama vile vile, nikiona aibu na furaha kwa pamoja. Baba akasema taratibu, "Inatosha, mwanangu. Nimesikia."

Msalimie sana shemeji Yusufu, na umbusu Sabra mashavu yote mawili. Mama anasema anakuombea kila swala, na Nassoro anauliza lini utakuja ule samaki wabichi. Mwenyezi Mungu akuondolee hicho kikohozi, aibariki kazi ya mikono yako, na atukutanishe Novemba tukiwa salama.

Wako akupendaye,
Wifi yako Latifa