Kaka Eliya, Nimeita Watu kwa Jina Lako

Kaka yangu Eliya,

Shikamoo. Najua hupendi nikuamkie hivyo, unasema nakuzeesha, lakini leo nakuamkia kwa sababu nina kosa.

Unakumbuka siku ya kwanza uliponiita kule ghorofa ya pili, kwenye kile kichumba chako cha kutengeneza kompyuta? Nilikuwa nimekuletea mteja wa chaja, halafu nikaganda mlangoni. Ukaniuliza, "Dogo, wewe winga gani hupigi kelele? Wenzako wanavuta watu mikono kuwaingiza madukani." Nikakwambia mi naangalia kwanza. Mtu anayetafuta kitu kweli anatembea tofauti na anayezurura. Ukacheka, ukavuta stuli. "Kaa. Nina kazi ya mtu anayeangalia."

Kazi yenyewe kumbe kusoma! Mimi niliyeishia darasa la saba, nasoma kwa kufuatisha kidole. Ulikuwa umetengeneza ile programu ya kuamrisha seva, zile kompyuta zinazokaa zimewashwa muda wote zinahudumia zingine. Unaandika maagizo mara moja, seva kumi zinafuata. Na umeiacha wazi mtandaoni, yeyote aone ilivyoandikwa ndani, aichukue bure, anayeweza aongezee chake. Nikashangaa, Kariakoo nani anatoa kitu bure? Ukanipa maelezo yako ya Kiswahili ya jinsi ya kuitumia, ukasema, "Fanya kilichoandikwa. Usiongeze akili yako." Nikikwama hukunicheka hata siku moja. Ulikuwa unaufuta ule mstari, unauandika upya. "Ukikwama wewe, kosa langu." Hamna mtu aliwahi kuniambia hivyo. Shuleni nikikwama kosa lilikuwa langu na fimbo yangu.

Halafu ukapata kazi nje. Ukaniachia kompyuta yako ya zamani na ufunguo wa kichumba, ukasema ukishatulia utaendelea na mradi. Mpaka leo hujatulia? Simu inaonesha ujumbe wangu unausoma. Hujibu. Nimekasirika kaka, nisikufiche. Nakasirika, nakukumbuka, nakasirika tena.

Watu wa zahanati moja huko kusini wakaandika kwenye ukurasa wa mradi mtandaoni: tumeweka toleo la mwisho la programu hii, seva inayotunza mafaili ya wagonjwa haiwaki, kuna mtu hapo? Siku ya kwanza nikajua utajibu. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu wakaandika, "Jamani, kuna mtu?" Kompyuta yako ilikuwa bado inafungua ukurasa huo kwa jina lako. Nikaandika: "Nimewaona. Natafuta watu wa kujitolea, anayeielewa programu hii ajitokeze." Nikabonyeza. Likatoka jina lako.

Si unatujua mawinga. Duka si lako, mzigo si wako, lakini mteja unamwambia karibu dukani kwangu. Mdomo umeshazoea. Sikuona kama ni uongo. Nikaingia kwenye makundi ya mafundi na ya wanafunzi wa kompyuta, nikaandika kwa upole wako, mpaka yale maneno yako ya kukwama nikayatumia. Mimi mbele ya watu watatu sauti inakata. Kwa jina lako sikuogopa kitu. Wakaja wanne. Mmoja ni dada anaitwa Rehema, yupo ofisini huko Posta. Ndiye aliyeiamsha ile seva ya zahanati. Siku hiyo nilishuka ngazi mbio kwa furaha, nafika barabarani sina wa kumwambia.

Juzi Rehema kaja mwenyewe. Kapanda mpaka juu, kanikuta mlangoni.

"Mambo? Namuulizia kaka Eliya."

"Poa dada. Katoka kidogo, anarudi sasa hivi."

Lilitoka lenyewe. Hapa Kariakoo kila mwenye duka katoka kidogo. Nikampa stuli, nikamletea maji, nikashuka, nikapanda, nikashuka tena. Akaniuliza, "Na wewe upo naye kwenye mradi?" Nikasema, "Mi winga tu, dada." Kakaa mpaka adhana ya alasiri, yeye ananiangalia mimi, mimi naangalia feni. Akainuka, akajipangusa sketi. "Hicho kidogo chake kirefu! Mwambie Jumamosi tunakuja wote wanne. Tumechoka kumsoma, tunataka kumsikia. Mimi niliingia kwa ajili yake."

Toka hapo sikai. Naenda Msimbazi, nafika mpaka Posta, narudi. Chai naagiza siinywi. Mteja ananipita mbele ya pua simwoni. Wakijua watasema ni tapeli wa Kariakoo, na hawatakuwa wamekosea sana. Wakiondoka, siku zahanati ikiuliza tena hakuna wa kuitika. Na nikinyamaza, Jumamosi itabidi niseme unaumwa, au umefiwa, au umesafiri ghafla. Ninayo yote tayari, kaka. Yamekuja yenyewe, sikuyatafuta. Hapo ndipo nilipoogopa.

Kwa hiyo barua hii sikutumii kwenye simu. Naiweka kwenye ukurasa wa mradi, Rehema na wenzake waisome leo. Wajue aliyekuwa anawajibu "asante, umefanya vizuri" ni mimi, na nilikuwa namaanisha. Anayetaka kuondoka aondoke, hana haja ya kuniaga. Atakayekuja Jumamosi hatakukuta wewe. Atanikuta mimi, nisiyejua kuandika programu, lakini kila kitakachotengenezwa nitakijaribu mstari kwa mstari mpaka mtu kama mimi aweze kukitumia.

Na wewe sikulazimishi urudi. Andika neno moja tu, hata kama ni kwamba umeacha. Mtu aliyeacha, wenzake wanagawana kazi yake wanaendelea. Anayesubiriwa ndiye anayewakalisha bure.

Nimeshatoka kwenye jina lako. Nimejiandikisha kwa langu, herufi moja moja, limekubali. Nabonyeza sasa, kabla sijashuka tena ngazi.

Mdogo wako,
Shabani