Vidonge vya Shivachi

Soweto West, Kibera
Jumapili

Mama yetu,

Huku tunaendelea. Mvua imepungua, na mjukuu wako Hope ameng'oka jino la kwanza.

Mama, kwa simu nilikwambia Shivachi anapona. Mwezi jana ilikuwa kweli. Daktari alinieleza kwamba dawa zilikuwa zinaua viini vya TB kwenye ubongo, lakini kinga ya mwili ikipigana kupita kiasi, inauvimbisha ubongo wenyewe. Ndiyo akampa vidonge vingine vya kuituliza. Aliniambia, "Usiviache hata siku moja."

Vidonge hivyo vilimvimbisha uso. Mafundi wenzake wa Kawangware walipokuja kumwona, walimcheka. Walipoondoka akaniambia, "Nasambu, wachana na hizi dawa. Si nimepona?" Nikamhurumia, nikaacha kumpa.

Siku ya tano kichwa kilimuuma mpaka akazimia. Tulimrudisha hospitali, na sasa yuko nyumbani, lakini haoni. Kila asubuhi, katika chumba chetu kisicho na dirisha, ananiuliza kama stima imepotea, na mimi namjibu kwamba umeme umepotea.

Sijaweza kumwambia. Njoo, Mama, hata kama ni kunigombeza.

Mke wa mwanao,
Nasambu