Mkono Wangu Unajulikana na Mtu Mmoja

Jumanne, 10 Desemba
Tumeshinda. Redioni wamesema nasimama karibu na mpigaji kwa ujasiri. Ujasiri gani — mkono haufiki. Kwenye besiboli, shotistopu kama mimi anadaka kati ya kituo cha pili na cha tatu, kisha anavusha uwanja mzima hadi kituo cha kwanza. Mpira wangu siku hizi unafika huko unadundadunda, hoi. Kowalski, mgeni wetu wa kituo cha kwanza, anauzoa vumbini, anainua glavu kana kwamba ulikuja umenyooka. Makofi. Tunajua mimi na yeye tu.

Ijumaa, 13 Desemba
Shemeji ameshapaka jina jipya ukutani mwa duka lake, ambako nitauza nikistaafu: KWA NEPO, SHOTISTOPU. Maharage, mchele, barafu. Nikamwambia Miladys bado nacheza. Kasema vizuri, basi ukiacha rangi itakuwa imekauka. Mke wangu hagombani, anasubiri tu. Nimepita upande wa pili wa barabara.

Kocha kaniagiza nimfundishe Yorbin, miaka ishirini na miwili, bega kama kombeo. Nimemwonyesha kutazama ishara za vidole vya mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji: ukijua mrushaji ameitishwa mpira gani, unajua utapigwa wapi, unaanza kusogea mapema. Nimefundisha polepole. Polepole sana.

"Kaka Nepo, mbona unasimama karibu hivyo?"

Nikamjibu ni mtindo. Jioni naye kasimama karibu. Kocha kamfokea mbele ya watu, nami nikafunga kamba za viatu vilivyokuwa vimefungwa.

Jumatano, 18 Desemba
Kowalski anaondoka. Wageni wote huondoka kabla ya Krismasi; huyu nilijidanganya kuwa amezoea ndizi zetu za kuponda.

"Mke kasema nikae naye mezani Krismasi, au nile huku huku maisha yangu yote."

Nikamwomba wiki moja tu.

"Mwambie kocha, mzee."

"Nimwambie nini?"

Akautazama mkono wangu. Akaendelea kukunja soksi.

Ijumaa, 20 Desemba
Kituo cha kwanza sasa yuko Quiterio. Mikono ya mbao. Leo mipira yote imeenda kwingine. Nimeshukuru kama mgonjwa aliyekuta daktari hayupo.

Jumapili, 22 Desemba
Mvua imesimamisha mchezo. Naandika chumba cha kuvalia. Raundi ya mwisho, tunaongoza kwa moja, tumebakiza kumtoa mtu mmoja. Adui yuko kituo cha tatu. Nikikosea, anaingia nyumbani, kituo cha mwisho, na tunakuwa sare. Mpigaji ni Radhamés, na kabla ya mvua niliviona vidole vya mdakaji: mpira wa ndani, karibu na mwili wa mpigaji. Kwa Radhamés, mpira wa ndani unakuja kwangu.

Kocha kaja kukaa pembeni yangu. Hajawahi.

"Mkono vipi, Nepo?"

Yorbin anajinyoosha mlangoni, bila hila yoyote, ndicho kinachoudhi. Akiingia leo hatatoka tena, na mimi wiki ijayo napima mchele.

"Mzima, kocha."

"Nilijua. Basi rudi nyuma kabisa, usimame kwenye nyasi. Huyu anapiga kwa nguvu."

Kanipiga bega — lile lile bovu — akaenda zake.

Kwenye nyasi, mbali zaidi na kituo cha kwanza. Mpira umelowa. Quiterio huko mbali anapuliza vidole.

Mvua imekatika, wanakunja turubai la uwanja. Wenzangu wanatoka. Glavu iko tayari mkono wa kushoto. Wa kulia umeshika kalamu, na hautaki kuiachia.