Chuchu ya Ndama

Juu ya Fort Ternan,
Jumapili jioni

Kwako Baba mpendwa,

Nakusalimu wewe na Mama kwa jina la Bwana. Goti lako linaendeleaje? Mvua imefika huko Siongiroi? Sisi hapa tu wazima, na leo furaha yangu haifichiki.

Unakumbuka mtambo wetu wa umeme wa maji, ulioanza kwa kuwasha taa tu? Baada ya taa likaja tangi la kupozea maziwa, kisha vinyozi, kisha mafundi wa kuchomelea vyuma. Mwenyekiti wetu, Kiplangat, alisema kikundi kisichokua kinakufa, na umeme wa mto hauna mwisho. Tulimpigia makofi, maana maji hatuyanunui. Kumbe mto nao una kipimo chake! Kiangazi kilipokaza, mtambo ulilegea na maziwa ya kijiji kizima yakaharibika ndani ya tangi. Hata kugandishwa kwenye kibuyu yawe mursik hayakufaa. Akina mama walilia, Baba.

Ijumaa Kiplangat aliitisha mkutano. Alitaka mto wote uingizwe kwenye bomba ili tuongeze mtambo wa pili. Nilisimama nikamuuliza kama yeye humkamua ng'ombe wake chuchu zote nne. Alijibu kwa hasira kwamba hakuna mwenye akili anayemnyima ndama chuchu yake. Nikamwambia basi walio chini yetu, wanaonyweshea mifugo mto huo huo, ndio ndama. Watu waliangua kicheko, na mwishowe naye akacheka. Tukakubaliana kwamba mtambo mmoja unatosha, maziwa yatangulie, mafundi wa vyuma wangoje mvua, na mashine mpya zisiongezwe. Tumeshinda, Baba! Na neno lile ni lako, ulilonifundisha nikikamua.

Lakini kuna jambo sikulisema pale. Mashine mpya iliyokuwa ikisubiri umeme ilikuwa yangu, kile kinu cha kusaga mahindi nilichoahidi kukiita jina la Mama. Kipkirui, mume wangu, alikuwa amekwisha kukijengea kibanda. Niliinua mkono kukikataa nikijua. Nilidhani nitaumia, lakini jana nilifunua tangi nikakuta maziwa yamejaa, baridi kabisa, nikarudi nyumbani nikiimba.

Kibandani sasa analala ndama wetu mpya, jike, mwenye afya. Jina la Mama tumempa yeye. Msalimie sana Mama, na habari hiyo umpe taratibu, akiwa ameshakunywa chai.

Ni mimi binti yako,
Chelimo