Wanataka Niseme Nilikosea Kutafsiri

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla sijapasuka. Mimi ni mkalimani bandarini, na tangu bandari yetu ikabidhiwe kampuni ya serikali ya nchi nyingine kazi yangu ni kumtafsiria meneja wao, na juzi wapakuzi waliitisha mkutano kwa sababu mwenzao tunayemwita Chuma aliangukiwa na mzigo akavunjika mguu na hakuna anayegharamia matibabu, wa serikali yetu wanasema waulizeni wageni, wageni wanasema iulizeni serikali yenu, basi Chuma mwenyewe akasimama na magongo yake akauliza, "Sasa mimi ni wa nani?" na meneja akacheka, akajibu kwa lugha yao kwamba mguu wa mtu haumo kwenye mkataba, asiyeridhika geti analijua. Mkurugenzi wa bandari, ambaye ni mwenzetu kabisa, akaninong'oneza, "Lainisha, dada." Sikulainisha. Niliyasema kama yalivyo, ukumbi ukawaka moto, na hadi leo kreni zimesimama. Sasa mkurugenzi anataka niende mbele ya wapakuzi niseme sikumwelewa meneja, la sivyo kazi sina, na mume wangu naye ananiambia, "Mama watoto, ulimi hauna mfupa, sema uliteleza yaishe," na wifi yangu kila anapopita anasema nilijitia kimbelembele. Nifanye nini?

Mkalimani

Mkalimani, pole sana. Halafu acha nikugombeze: jibu umeshaliandika mwenyewe, "sikulainisha." Au unatafuta ruhusa ya kurudi nyuma? Kwangu huipati!

Barua yako imenitia hasira mpaka chai imepoa. Bandari yetu, majeruhi wetu, na anayetaka tusi lifichwe ni wetu pia! Mgeni alimtukana Chuma mara moja. Mkurugenzi anataka atukanwe tena, safari hii kwa mdomo wako.

Mumeo usimnunie. Anaogopa njaa, na nani haiogopi? Ila mwulize: ukishatangaza mbele za watu kwamba lugha huijui, nani atakuajiri tena kutafsiri? Wifi yako mwachie watoto siku utakayoitwa ofisini, apate kazi ya kufanya.

Ofisini usiende peke yako, nenda na mtu wa chama cha wafanyakazi. Mwambie mkurugenzi kwa adabu, bila kupandisha sauti: "Kama nilikosea, meneja aje ayarudie maneno yake mbele ya wapakuzi, na mkalimani mumtafute nyinyi, yeyote mnayemwamini."

Kisha nyamaza. Ataguna, atakohoa, atakuita binti yangu. Usimjibu. Huo ukimya autafsiri mwenyewe.